Uzi: ukimwambia mtu virusi "vimelala", yeye anasikia nini?

NyarKano

Wadau habari zenu. Nataka tuongee kitu moja naiona kila wiki kazini na sijaona watu wakiijadili vizuri. Mimi ni kaunsela kwa kliniki ya ARV, zile dawa za virusi vya Ukimwi, huku kaunti ya Kisumu, upande wa Kano, na mkikaa na sisi siku moja mtashangaa venye tunaongea kwa mafumbo. CD4, zile seli za kinga kwa damu, tunaziita askari wa mwili. Virusi ni adui amejificha ndani ya nyumba. Mtu akifika pale virusi havionekani tena kwa kipimo tunampongeza tunamwambia sasa vimelala. Hakuna mtu anaanza kueleza habari ya nakala kwa mililita ya damu, foleni iko nje na watu wametoka mbali.

Sasa hiyo vimelala. Kuna mzee mmoja mvuvi wa omena alielewa vizuri kushinda hata venye mimi nilikuwa nataka aelewe. Omena inavuliwa usiku na taa, mchana wavuvi wako kwa nyumba wamelala, kwa hivyo kwake kitu kimelala ni kitu kinangoja giza kiingie kiende kazi. Aliniambia mwenyewe, "hao wanalala kama sisi, jioni utawaona ziwani." Huyo hapotezi dozi. Halafu kuna mama mwingine aliambiwa maneno yale yale, huyu amemaliza form four, anasoma gazeti, ako na watoto wadogo. Kwake kitu kimelala ni mtoto. Na mtoto akishalala unaacha kumbembeleza, unatoka polepole unafunga mlango. Akaacha dawa, si kwa ujeuri, aliona akiendelea kumeza ni kama anaviamsha. Alipopimwa tena vilikuwa vimepanda.

Kwa wale hawajui, dawa hazimalizi virusi mwilini. Zinavizuia visizaane, lakini vingine vinabaki vimejificha ndani ya hizo seli za CD4 zenyewe, zile zimetulia, na hapo dawa haiwezi kuvitoa. Ukiacha kumeza, baada ya wiki chache vinaanza kuhesabika kwa damu tena. Kwa hivyo neno kulala si uongo, limekaribia kabisa vile mambo iko.

Ninachosema ni hivi, tukiona mtu ameenda njia nyingine na fumbo tunakimbilia kusema hajasoma ama kichwa yake ni nzito. Mimi nakataa hiyo. Huyo mama alielewa fumbo, na aliye na masomo kati ya hao wawili ni yeye. Fumbo linatoka kwa msemaji likiwa nusu, nusu ingine msikilizaji anaitoa kwake nyumbani, na hatuna desturi ya kumuuliza ameweka nini hapo. Mnaonaje?

Mwalimu wa Njoro

Dadangu asante kwa uzi, nimeusoma nikausoma tena. Nafundisha Kiswahili shule ya upili huku Njoro na nitakupinga kidogo kwa heshima. Ukisema kila msikilizaji anamalizia kivyake utafika mahali hakuna jibu la makosa, na mimi kazi yangu kubwa kwa karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya fasihi, ni kuonyesha mtoto kwamba jazanda, yaani fumbo la shairi, ina mipaka. Shairi likisema mti umekauka katikati ya shamba, mtoto hawezi niambia huo mti ni mwalimu mkuu juu tu hampendi, lazima anionyeshe ni wapi kwa shairi ametoa hiyo. Kitu kinafunga maana ni maneno yale yako kando ya fumbo. Huyo mama wako alipewa sentensi moja peke yake. Shairi lina beti nyingi zinamshika msomaji asipotee, yeye hakuwa na beti ingine.

Halafu kuna methali. Hizo jamii ilishakubaliana kitambo. Mpanda ngazi hushuka, maana yake inajulikana.

fundi_Section58

Mwalimu samahani naingilia. Mimi ni fundi wa mjengo hapa Nakuru, ngazi ndio ofisi yangu. Hiyo methali niliisikia kwa mazishi, jamaa akiwaambia watu wa tajiri mmoja kama kuwasuta, na nilishindwa anasuta nini juu kwangu kushuka ngazi ni jioni kazi imeisha na mtu ako mzima. Asiyeshuka ndio tunamlilia. Nikidhani ni ya kufariji familia, kumbe watu wamekasirika.

NyarKano

@Mwalimu wa Njoro hapo kwa mipaka tunakubaliana, sijasema hakuna makosa. Mama alikosea na mwili wake ukaumia, siwezi kuita hiyo maana mbadala. Nasema makosa hayatoki kwa upungufu wa akili, na tukijua inatoka wapi tunaweza kuifikia kabla haijaumiza mtu. Na hiyo yako ya sentensi moja nimeichukua, ni kweli kabisa.

@fundi_Section58 asante, hiyo ndio kitu naongelea.

saikolojia_Egerton

Mwalimu sisi ni majirani, mimi nasoma saikolojia hapo chuo cha Egerton. Kabla sijaandika mrefu, kila mtu ajibu hili swali haraka bila kufikiria sana: mkutano wa Jumatano umesongezwa mbele siku mbili. Utakuwa lini?

fundi_Section58

Ijumaa. Kwani kuna siku ingine?

Akinyi wa Kondele

Jumatatu. Kusongeza mbele si ni kuleta karibu ufanyike mapema

Mwalimu wa Njoro

Ijumaa bila shaka.

weka_hazina

Jumatatu. Na hii maneno imewahi vunja chama chetu huku Nyalenda, nusu walifika Jumatatu na chapati zimepikwa na nusu wakafika Ijumaa wakakuta mlango imefungwa, watu wakarushiana meseji mbaya na hakuna mtu alikuwa amedanganya.

saikolojia_Egerton

Haya sasa. Hilo swali la Jumatano limetumika kwa utafiti kwa Kiingereza miaka mingi na watu hugawanyika vivyo hivyo. Sababu ni kwamba wakati hatuuoni kwa macho, tunauongelea kama mahali. Kuna mtu kichwani mwake ni yeye anatembea kuelekea siku zinazokuja, huyo mbele ni kule anakoenda, atasema Ijumaa. Kuna mwingine amesimama na siku ndizo zinamjia, huyo kusongeza mbele ni kuleta kwake, atasema Jumatatu. Lera Boroditsky na Michael Ramscar walichapisha kazi mwaka wa 2002 ambapo waliuliza watu hilo swali kwa uwanja wa ndege, wale walikuwa wametoka kusafiri walikuwa rahisi zaidi kusema Ijumaa kuliko wale walikuja tu kumngoja mtu. Fikirieni hiyo. Lugha ni moja, nchi ni moja, kitu kilichobadilika ni mtu ametoka tu kufanya nini na mwili wake.

Na kuna Waaymara kule milima ya Andes, Bolivia na Peru na Chile, hao kwao zamani iko mbele ya uso na kesho iko mgongoni. Rafael Núñez na Eve Sweetser waliandika hayo 2006, waliwaangalia hadi venye wanarusha mikono wakiongea, mzee akisimulia mambo ya kitambo anaelekeza mbele yake. Ukifikiria ina akili, jana umeiona, kesho hujaiona.

Kuhusu mtoto na mtu mzima, Ellen Winner na wenzake walifanya kazi mwaka wa 1976, wakawapa watoto sentensi kama ile ya askari jela amekuwa jiwe gumu. Wale wadogo wa miaka sita saba hivi walisema labda mfalme fulani alimgeuza jiwe, ama huyo askari anafanya kazi kwa jela yenye kuta za mawe. Hawakunyamaza, walitafuta njia ya kufanya sentensi iwe na maana na vitu walikuwa navyo. Hiyo inamuunga mkono NyarKano.

Lakini kuna mahali tofauti iko kwa ubongo wenyewe na tusifiche hiyo. Winner na Howard Gardner mwaka wa 1977 waliwaonyesha picha wagonjwa walioumia upande wa kulia wa ubongo, wakisikia mtu ana moyo mzito kuna wale walichagua picha ya mtu anabeba moyo mkubwa kweli kweli. Ajabu ukiwaambia waeleze kwa mdomo, wengi walieleza sawa. Na watu wenye usonji, ile autism, pia husemekana hawaelewi mafumbo.

Mama Junior, Kakamega

Mulembe. Sichangiangi sana lakini hapo kwa usonji nitasema kitu. Mtoto wangu ako na usonji, ako miaka kumi na moja. Ni kweli huchukua maneno vile yalivyo. Mwalimu wao akiingia darasa na hasira akasema leo nitawachinja, wale wengine wanacheka chini ya dawati, wangu anatoka mbio hadi getini na anatetemeka na haongei hadi jioni. Nikimwambia chunga mdomo anaushika na mkono. Watu wa nyumbani husema ati mtoto hana hisia, ati hajui utani.

Sasa sikieni. Mvua ya huku kwetu mnaijua, inakuja saa tisa saa kumi kama imeitwa. Siku moja ikaanza kugonga mabati akasimama katikati ya nyumba akasema, "mama, mabati inatupigia makofi." Hakuna mtu alimfundisha. Hiyo si fumbo? Sasa nani alisema hana? Mimi nimekuja kuona anaogopa mafumbo ya watu wengine juu hajui mtu anaficha nini ndani, lakini yake mwenyewe anayo na ni mazuri. Kwa hivyo mkisema hawaelewi, semeni polepole.

saikolojia_Egerton

Mama Junior asante sana, na ninarekebisha nilivyoandika. Francesca Happé mwaka wa 1993 alionyesha kwamba ugumu wa mafumbo kwa watu wenye usonji unaenda pamoja na ugumu wa kujua mwingine anawaza nini, hiyo ndio unasema, hajui mtu anaficha nini. Halafu 2005 Courtenay Norbury akaonyesha kitu kingine, kwamba kiasi mtoto anajua lugha, upana wa maana za maneno alizonazo, inachangia sana, na kuna watoto wenye usonji wenye lugha nzuri ambao mafumbo hayawashindi. Kwa hivyo kuweka wote kapu moja ni makosa.

Mama Junior, Kakamega

Nashukuru. Siku hizi nikitumia msemo naongeza maana hapo hapo, "chunga mdomo, yaani usiseme hiyo stori kwa mgeni." Anafurahia, ata ameanza kuniuliza yaani nini. Mwalimu wake nilimwomba afanye vivyo hivyo na ameanza kujaribu.

Mzee wa Bondeni

Vijana nimewasoma kimya kimya. Mmeongea ya hospitali na ya shule, mmeacha ile ilituua.

Mimi ni wa Nakuru. Mwezi wa kwanza 2008 mwisho mwisho nilikuwa hapa. Tume ya Waki, ile ilichunguza ghasia za baada ya uchaguzi, iliandika watu 1,133 walikufa nchi nzima, na Nakuru na Naivasha tulikuwa kati ya mahali pabaya. Kabla panga haijatoka kulikuwa na maneno, na hayo maneno hayakuanza hiyo mwaka, tumeyasikia hapa Bonde la Ufa tangu miaka ya tisini mwanzo. Kwekwe. Madoadoa. Yaani watu wa makabila mengine. Mkulima akisikia kwekwe anajua kazi gani inafuata, hahitaji kuambiwa. Mwanasiasa anasimama anasema tuondoe kwekwe, anaketi. Hajasema mtu ye yote auawe. Ukimshika anasema mimi nilikuwa naongea kilimo, ama nilikuwa naongea vyama vya siasa, nyinyi ndio mmeelewa vibaya. Na yule kijana pale nyuma ya umati amesikia amri.

Kwa hivyo nyarwa NyarKano nakubali kwamba msikilizaji anatoa nusu kwake. Lakini kuna wasemaji wanajua hiyo vizuri sana na wanaitumia, wanajua ni nani ako kwa uwanja na kwake nyumbani kuna nini. Si kila tofauti ya kuelewa ni bahati mbaya. Hata jirani yangu aliyekuwa anaitwa doa alisikia, na alielewa sawasawa na yule kijana, wote wawili walielewa kitu kimoja, aliyesema haelewi ni mwenye kusema peke yake.

Aprili 2022 ile tume ya uwiano na utangamano ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga kabla ya uchaguzi, madoadoa na kwekwe yakiwemo, na mende. Januari ya mwaka huo huo kuna seneta alikuwa ameshikwa juu ya kutamka madoadoa kwa mkutano Eldoret, akaomba msamaha. Mimi naona orodha inasaidia lakini haitoshi, ukipiga marufuku kwekwe kesho watasema magugu, keshokutwa watasema gugu maji la ziwani. Ni lazima mtu aulizwe mbele ya watu, hiyo kwekwe ni nani, taja.

Mwalimu wa Njoro

Mzee, nimesoma hii nikasimamisha kusahihisha. Ni kweli hapo kando ya fumbo kulikuwa na maneno mengine, uchaguzi, kabila, shamba, kwa hivyo maana ilikuwa imefungwa kabisa. Mwanafunzi wangu angepata alama zote. Anayejitetea kwamba ni kilimo ndiye anasoma sentensi moja peke yake akiacha shairi zima.

saikolojia_Egerton

Mzee wa Bondeni shikamoo. Kuna kazi ya Paul Thibodeau na huyo Boroditsky, 2011, waliwapa watu habari ya mji una uhalifu. Wengine wakasoma uhalifu ni mnyama anashambulia mji, wengine ni virusi vinaambukiza mji, takwimu ni zile zile. Wa mnyama walielekea zaidi kwa kukamata na kufunga, wa virusi zaidi kuliko wale wengine wakataka kutafuta chanzo na kusaidia jamii. Na walipoulizwa nini kiliwafanya wachague hivyo wengi walitaja zile takwimu, hawakutaja lile neno. Kwa hivyo hata yule anafikiri hajaguswa na fumbo amebebwa.

Akinyi wa Kondele

Naomba kuongeza ya shangazi yangu. Alikuwa na kansa ya matiti, akatibiwa hapa Russia muda (kwa wageni, Russia ndio jina watu wa Kisumu huita ile hospitali kuu ya rufaa). Kila mtu akija kumwona ni kupigana, pigana nayo auntie, wewe ni shujaa. Yeye hakupenda. Alikuwa anasema mimi sipigani na mtu, mimi nameza dawa na nimechoka. Alipotuacha watu wakaandika kwa mtandao ameshindwa vita. Hiyo iliniuma kushinda kitu yote. Alishindwa na nani? Alifanya kila kitu daktari alisema.

Lakini binamu yangu naye alipougua hiyo hiyo ni yeye alijiita askari, akanyoa nywele mwenyewe kabla zianguke, vita ndio ilikuwa inamuamsha asubuhi. Ningemwambia aache kusema vita ningekuwa nimemnyang'anya kitu.

saikolojia_Egerton

Pole sana Akinyi. Elena Semino na wenzake wa chuo cha Lancaster Uingereza walichambua maandishi mengi ya wagonjwa wa kansa, wakakuta hivyo hivyo. Vita inawapa wengine nguvu na wengine inawaachia lawama. Hata ile ya kuita ugonjwa safari, ambayo wengi hudhani ni ya upole, kuna wagonjwa inawafanya wahisi wanapelekwa mahali hawakuchagua. Mgonjwa ndiye achague.

Omwami_Webuye

Nimechelewa kufika. Dada NyarKano mimi niko na shida ya hiyo aina saa hii, pengine utanisaidia. Baba yangu ako na sukari. Aliacha sukari kwa chai siku ile ile aliambiwa, ata soda hagusi, anajivunia. Lakini ugali anakula sahani imejaa, jioni tena, na ndizi, na anatushangaa tukimwambia apunguze juu anasema ugali haina sukari, onja uone. Kisha kliniki walimwambia insulini ni ufunguo wa kufungulia sukari mlango iingie mwilini, sasa anasema kama ni ufunguo umepotea atafutiwe mwingine kwa mzee fulani wa miti shamba, kazi iishe.

NyarKano

Omwami pole, na mpe baba salamu. Ukiangalia sana, anafikiria sawa, jina la ugonjwa ndilo limemwelekeza kwa bakuli ya sukari. Ugonjwa ungeitwa jina lingine pengine angeuliza mapema. Na ufunguo ukipotea ni kweli mtu huchonga mwingine, hajakosa mantiki.

Mimi ningeanza na kumuuliza. Muulize kwa Lubukusu, si kwa Kiswahili cha kliniki: baba, ukimeza ugali unaenda wapi, unakuwa nini? Mwache aongee hadi amalize hata kama ni muda. Hapo ndio utajua uko na nini cha kushika. Kama aliwahi kutafuna ugali wenyewe ama kipande cha mhogo uliochemshwa muda mrefu bila kumeza anajua kinaanza kuwa tamu mdomoni, hiyo unaweza kumwonyesha mezani bila fumbo lolote, mate yenyewe yanageuza wanga kuwa sukari na tumboni inaendelea. Umwonyeshe kwa ulimi wake, usimwambie tu.

Ya ufunguo ningeiacha kabisa kwa sasa kama imempeleka kwa mzee wa miti shamba. Mwambie tu wazi, mwili wako hautumii sukari ya damu vizuri, dawa inasaidia kila siku ukimeza, na siku hujameza haikusaidii. Usimgombanishe na huyo mzee, muulize tu anampa nini na uandike, daktari atahitaji kujua.

Tena usipunguze ugali kwa maneno. Kaa naye, pakua, na muonyeshane kwa sahani: ugali robo, nyama ama samaki ama maharagwe robo, mboga nusu. Mboga za kwetu ziko, tsisaga, mrenda, hizo anazipenda hakika.

Omwami_Webuye

Mhogo nitajaribu Jumapili tukiwa wote. Na kama akisema imekuwa tamu lakini hiyo ni tamu ya Mungu si ya duka?

NyarKano

Hapo usibishane. Kama nyumbani kuna mashine ya kupima, mpimeni kabla ya kula na masaa mawili baada ya kula, siku ya sahani kubwa na siku ya sahani ya robo, na yeye mwenyewe ndiye aandike nambari kwa kitabu. Kisha kliniki uliza kama wanaweza kumfanyia kile kipimo cha HbA1c, kinaonyesha wastani wa kama miezi mitatu nyuma, ili asiseme ni siku moja mbaya tu. Ukimaliza kumuuliza ile ya ugali unaenda wapi, rudi hapa uniambie alijibu nini, neno kwa neno, hata kama ni kwa Lubukusu kuna watu hapa watasaidia.